Kiafrikana cha Chuoni

Wanaoanza kujifunza Kiafrikana huambiwa kwamba habari ya kuiandika lugha hii ya Afrika Kusini inaanzia Paarl, mji wa mizabibu, tarehe 14 Agosti 1875, walipokutana wanaume wachache wakaunda Genootskap van Regte Afrikaners, yaani Chama cha Waafrikana wa Kweli. Gazeti lao, Die Afrikaanse Patriot, likatoka Januari 1876. Mimi nimesoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, Mombasa, kwa hiyo wanafunzi wangu nawaanzishia pengine: barabara ya Dorp, mtaa wa Bo-Kaap, mjini Cape Town.

Hapo ndipo Tuan Guru alipofungua chuo mwaka 1793. Alikuwa mtu wa Tidore, katika visiwa vya Maluku. Waholanzi walimleta Rasi ya Tumaini Jema akiwa mfungwa mwaka 1780, wakamtia kisiwa cha Robben, na huko akaiandika Kurani kwa hifdhi. Chuoni kwake walikaa watoto wa watumwa na wa walioachwa huru, watu ambao wazee wao walitolewa Java, Bengal, Malabar na Madagaska. Mwanzoni walisomeshwa kwa Kimalei. Miaka ilivyokwenda, lugha ya jikoni na bandarini, kile Kiholanzi kilichogeuka vinywani mwa watumwa, ikaingia darasani. Mtoto alihifadhi somo lake, koples kama walivyoliita, kisha akalinakili daftarini kwa herufi za Kiarabu. Sauti kama p na ng, ambazo Kiarabu hakina, ziliandikwa kwa herufi zilizoongezwa nukta. Huko kwetu, katika karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuwa akizitengeneza herufi za Kiarabu zikitoshe Kiswahili.

Lugha iliyonakiliwa vile ndiyo inayowasumbua wanafunzi wangu leo. Kitenzi cha Kiholanzi kilipofika Rasi kilipoteza karibu viambishi vyake vyote vya nafsi: ek is, jy is, ons is, neno ni lilelile. Mswahili hufurahi akisikia hivyo. Furaha hukatika tukifika opstaan, kuamka. Katika sentensi ya kawaida kipande cha op hujitenga kikaenda mwisho kabisa: ek staan vroeg op, naamka mapema. Ukisema habari iliyopita vipande hukutana tena, lakini ge hujipenyeza katikati yao: ek het vroeg opgestaan. Ukitanguliza dat, yaani kwamba, kitenzi kizima kinahamia mwishoni: dat ek vroeg opstaan. Na ukikanusha, nie, neno la kukanusha, inatajwa mara mbili, ya pili ikifunga sentensi baada ya op: ek staan nie vroeg op nie.

Kukatika huko kwa kitenzi ni urithi wa Kiholanzi. Kwa ile nie ya pili, mtaalamu wa lugha Hans den Besten alielekeza kidole kwa Wakhoekhoe, wenyeji wa Rasi, ambao lugha yao huweka kitenzi mwishoni na kikanushi baada yake. Hoja hiyo ina wapinzani. Mimi naiona ina uzito, kwa kuwa Wakhoekhoe ndio waliochunga mifugo ya Waholanzi na kuwakalimania tangu siku za Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyetia nanga Rasi mwaka 1652.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii ni Bayan al-Din cha Abu Bakr Effendi, Mkurdi aliyetumwa Rasi na Sultani wa Uthmaniya, akafika 1863. Yeye alikuwa Mhanafi, wenyeji ni Mashafii kama sisi wa pwani, na fatwa yake ya kuharamisha kamba koche iliwagawa vibaya. Lakini alijifunza lugha ya mtaani, akawaandikia fikihi kwa lugha hiyo. Kazi aliimaliza 1869, miaka 6 kabla ya kikao cha Paarl, ikachapwa Istanbul mwaka 1877: Kiafrikana kwa hati ya Kiarabu, kwa ajili ya waliokuwa wakisoma kwake.

Adrianus van Selms alikitoa kitabu hicho kwa herufi za Kilatini mwaka 1979. Kisha Achmat Davids, mwanahistoria wa Bo-Kaap, akaandika tasnifu mwaka 1991 juu ya Kiafrikana cha Waislamu wa Rasi kuanzia 1815 hadi 1915. Alisoma maandishi haya irabu kwa irabu. Effendi alitia fatha, kasra na dhumma kila mahali, na kwa alama hizo Davids aliweza kusikia matamshi ya watu wa Bo-Kaap wa wakati ule, ambayo tahajia ya Kiholanzi haikuyahifadhi.