Damu Ishikanayo: Habari za Maradhi ya Moyo hata Kufika Mtumba

Kabla ya mwaka 2019, zilipofunguliwa ofisi za wizara Mtumba, na kijiji hicho cha Wagogo kilichoko mashariki ya Dodoma kikawa Mji wa Serikali, shambulio la moyo halikuhesabiwa katika maradhi ya kutishwa nayo nyanda hizi. Watu walihofu njaa, malaria na trakoma. Hata matabibu waliona hivyo, kwani mwaka 1959 Shaper na Jones waliandika kutoka Kampala kwamba maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa adimu mno kwa Waafrika, ilhali Wahindi wa huko yaliwapata kwa wingi. Habari hiyo, ingawa ilikuwa kweli kwa zama zake, naona ilikaa vichwani mwetu kupita kiasi.

Elimu ya kulitibu shambulio hilo ilianzia mbali na kwa maradhi mengine: huko Uswisi, mwaka 1918, tabibu wa watoto Eduard Glanzmann alieleza habari za wagonjwa ambao chembe sahani za damu yao zilitimia kwa idadi lakini hazikushikana, hata jeraha dogo likavuja bila kukoma. Baadaye sana ikadhihirika kuwa walipungukiwa na protini moja ya mshikamano, ya jamii ya integrini, nayo ndiyo ile ile izifungayo chembe hizo pamoja pale utando wa mafuta upasukapo ndani ya mshipa wa moyo, bonge likaziba njia na msuli ukakosa hewa. Basi ila ya watoto wale ikawa dalili ya dawa: Barry Coller wa Marekani alitengeneza kingamwili ya kuizuia protini hiyo, na dawa iliyotokana nayo, absiksimabu, ikaruhusiwa mwaka 1994, kisha mwaka 1998 ikaja eptifibatidi, iliyoigwa kutoka sumu ya nyoka wa Marekani. Na kifutu wetu, anayeogopwa Ugogo kote, naye sumu yake ina protini ya namna hiyo hiyo.

Lakini hila hiyo haikufaa kila mahali: kuzizuia chembe nyeupe za damu nazo zisishike kuta za mishipa, ingawa kulifaulu kwa wanyama, hakukuwafaa watu.

Tukirudi kwetu, Dodoma ilipata Hospitali ya Benjamin Mkapa mwaka 2015. Kabla ya hapo aghalabu mgonjwa wa moyo alisafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Dar es Salaam. Lakini kwa mtumishi ashikwaye na kifua ofisini Mtumba, saa za mwanzo ndizo zenye thamani, na aspirini ya kutafuna, ambayo nayo huzuia chembe sahani kwa njia yake, ni dawa ya bei ndogo: jaribio la mwaka 1988, lenye wagonjwa 17,187, lilionyesha kuwa peke yake hupunguza vifo vya majuma matano ya mwanzo kwa karibu robo.