Usaili wa vyuo vya Marekani ulivyofika Riyadh na Jeddah

Kwa kawaida kijana wa Riyadh au Jeddah huingia chuo kikuu cha nchini mwake bila kusailiwa. King Saud, kilichoanzishwa Riyadh mwaka 1957, na King Abdulaziz cha Jeddah, cha mwaka 1967, hutazama alama za sekondari na za mitihani ya taifa, Qudurat na Tahsili. Lakini akiomba chuo binafsi cha Marekani, huenda akaitwa kwa mazungumzo na mhitimu wa zamani anayejitolea.

Utaratibu huo haukuanza kwa wema. Chuo cha Dartmouth kilianza kuchuja waombaji mwaka 1922, kikitegemea pia maoni ya wahitimu wake. Harvard, chini ya rais wake Lowell, haikupendezwa na wingi wa Wayahudi waliofaulu mitihani; mwaka 1926 ikaupa uzito mwenendo wa mwombaji, jambo lisilosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kuonana ana kwa ana kukawa njia ya kumjua asiyetakiwa.

Vyuo vilipoanza kutafuta wanafunzi ng'ambo, wahitimu walewale wakageuka wapokeaji. Wanafunzi wa sasa, ambao vyuo vya Wesleyan na Bowdoin huwatumia kusaili wakiwa mwaka wa mwisho, walimfaa zaidi mwombaji aliyeweza kufika chuoni. Asiye na nauli wala viza alimtegemea mhitimu aliye mjini kwake.

Saudi Arabia ilipata wahitimu wengi baada ya mpango wa ufadhili wa masomo wa Mfalme Abdullah wa mwaka 2005. Wasaudi waliosoma Marekani waliongezeka kutoka takriban 3,000 hadi zaidi ya 60,000 mwaka wa masomo 2015/16. Hata hivyo, pa kukutania palihitaji mipango, hasa msaili akiwa mwanamume na mwombaji binti. Utengano wa jinsia ulilegea polepole: wanawake waliruhusiwa kuendesha magari Juni 2018, na sharti la mikahawa kuwa na milango tofauti ya wanaume na familia likaondolewa Desemba 2019.

Miezi michache baadaye korona ikahamishia mazungumzo kwenye video. Sasa mwanafunzi aliye bwenini Marekani anaweza kumsaili binti wa Jeddah, na maisha ya chuo ya leo anayajua kuliko aliyehitimu zamani. Chuo cha Brown kimeachana kabisa na usaili wa wahitimu. Badala yake, mwombaji anaweza kutuma video fupi ya kujieleza. Huko upendeleo wa msaili umepungua, lakini pia ameondoka mtu aliyeweza kukieleza chuo jinsi mwombaji wa Jeddah anavyoishi, anavyosoma na vikwazo alivyovuka. Kazi hiyo sasa ni ya mwombaji mwenyewe.