Kaumwa na Jina Lake

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, katika nchi iliyo karibu na Ziwa Rukwa. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 tu. Hata hivyo wataalamu walilitunza jina la mahali pale, na herufi I katika kundi la vimondo liitwalo CI ni ya Ivuna. Lakini si kila kitu kilichotoka upande huu wa Afrika kilichobahatika kuitwa kwa jina la kwao.

Mathalani kaumwa. Huu ni mmea uparamiao miti katika misitu ya Msumbiji, wenye mizizi minene, ya manjano, iliyo michungu kama shubiri. Wenyeji waliichimba, wakaikata vipande vya mviringo na kuvianika kivulini. Maji yake walinyweshwa wagonjwa wa kuhara damu, wenye kichefuchefu, na wale waliokosa hamu ya chakula. Tiba hii haikukosa maana: uchungu ukiguswa na ulimi huamsha mate na maji ya tumboni, ndiyo sababu dawa ya namna hii hunywewa kabla ya kula.

Wareno waliipeleka mizizi hiyo Bara Hindi, na kutoka huko ikafika Ulaya. Mwaka 1773 tabibu Thomas Percival wa Manchester aliisifu katika maandishi yake, na mwaka 1788 ikaingizwa katika kitabu cha dawa cha London. Lakini kwa kuwa ilifika kwa merikebu zilizotoka Bara Hindi, wafanya biashara walidhani asili yake ni Colombo, mji wa Ceylon. Kumbe jina lile lilikuwa la Msumbiji lenyewe, kalumb, lililogeuzwa na masikio ya wageni. Kosa hilo lilidhihirika pale mche kutoka Msumbiji ulipofikishwa Madras mwaka 1805, ukapandwa, ukaota.

Nchi ya mmea ikajulikana. Waganga walioujaribu kwanza, wakapima kiasi cha kunywa na kujua ugonjwa upi uufaao, hawakuandikwa popote. Kimondo cha Ivuna hakikuwa na mwenye kukitengeneza, nacho kimeandikiwa kwao. Kaumwa ulikuwa na wenye kuujua. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.