Dawa ya magugu na kuvu wanaoilisha mizizi

Mvua zinapokaribia mashariki mwa Uganda, bomba la kupulizia dawa huchukua nafasi ya jembe katika mashamba mengi, kuanzia miwa ya Jinja hadi mahindi na kahawa ya arabika huko Mbale, chini ya Mlima Elgon. Palizi ya siku kadhaa humalizika asubuhi moja. Ni vigumu kumlaumu mkulima.

Lakini ndani ya mizizi ya mimea hiyo wanaishi kuvu wenye nyuzi nyembamba mno. Nyuzi hizo husambaa mbali kuliko mzizi wenyewe, zikiuletea mmea fosforasi, nao mmea huwalipa kuvu kwa sukari. Katika udongo mwekundu wenye asidi, ambamo fosforasi hunaswa na madini ya chuma na alumini, huduma hiyo ina thamani ya mbolea. Miwa, mahindi, maharage, migomba na mibuni yote huipata. Kabichi haimo katika ushirika huo.

Glaifoseti, dawa iliyoingia sokoni mwaka 1974, huzuia kimeng'enya ambacho mimea hukihitaji ili kujijenga. Binadamu hana kimeng'enya hicho, ila kuvu wanacho. Mwaka 2014 watafiti nchini Austria walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kuvu katika mizizi walipungua kwa takribani asilimia 40 baada ya dawa kupulizwa. Tafiti nyingine, zilizotumia vipimo vinavyopendekezwa, ziliona mabadiliko madogo, na bila shaka chombo cha majaribio si mteremko wa Elgon.

Dhara lililo wazi zaidi ni njaa. Kuvu hawa hawawezi kujilisha bila mzizi ulio hai, hata kama ni mzizi wa gugu. Shamba lililopulizwa lote na kuachwa tupu kwa muda mrefu huwanyima chakula, na penye mteremko mvua huondoka na udongo wa juu, ambamo mbegu zao zimo kwa wingi. Jembe nalo halina usafi wa kujivunia: kila linapochimba hukata nyuzi hizo.

Mwenye mibuni anaweza kufyeka kwa panga katikati ya mistari na kuacha mizizi ya majani ardhini. Mwenye mahindi anaweza kupuliza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha apande mapema, pamoja na maharage, kabla ardhi haijakaa wazi.