Usonji kwa watoto: nini chanzo chake, na tafiti za Tanzania na Kenya zimeonyesha nini

Mtoto akitimiza miaka miwili au mitatu bila kuitika jina lake, au akiyapoteza maneno machache aliyokwisha kuyajua, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani huwa la chanzo. Jambo hili limetoka wapi? Katika kaya nyingi za Afrika Mashariki jibu humwelekea mama: alikula nini alipokuwa mjamzito, alimkosea nani, kwao kuna nini. Maswali hayo huulizwa, na pengine kujibiwa, kabla mtoto hajaonwa na daktari hata mmoja.

Hali inayozungumzwa huitwa usonji. Nchini Kenya hutumika pia neno tawahudi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kujitenga peke yako. Usonji unahusu namna ubongo unavyokua. Mtoto huchelewa au hushindwa kuwasiliana na kuhusiana na wengine kwa njia iliyozoeleka, hurudiarudia matendo, hushikilia utaratibu mmoja, na huweza kuteswa na sauti, mwanga au mguso ambao wenzake hawaujali. Wapo wasiosema kabisa, na wapo wanaohitimu vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, na wavulana hutambuliwa kuwa nao zaidi kuliko wasichana.

Lawama kwa mama si ya Afrika pekee

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Johns Hopkins, mjini Baltimore nchini Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliokuwa na dalili hizi. Aliandika kwamba walizaliwa nazo, lakini papo hapo akawaeleza wazazi wao kuwa watu wasio na joto la mapenzi. Sehemu ya kwanza ya maneno yake ilisahaulika upesi. Ya pili ikakua. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichoieneza dhana kwamba usonji hutokana na mama baridi, asiyempenda mwanawe. Mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alikuwa amekwisha kuipinga hoja hiyo katika kitabu cha mwaka 1964, lakini wazazi wa kizazi kizima waliibeba aibu hiyo. Mama wa Baltimore aliambiwa ana moyo wa barafu. Mama wa Kilifi huambiwa ana laana. Tofauti ni ya maneno tu.

Mapacha ndio walioibomoa dhana hiyo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza nchini Uingereza jozi 21 za mapacha, kila jozi ikiwa na angalau mtoto mmoja mwenye usonji. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zile zile, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana haikupatikana hata moja. Kama malezi ya mama ndiyo chanzo, aina ya pacha isingeleta tofauti yoyote, kwa kuwa mapacha wote hulelewa na mama mmoja, chini ya paa moja.

Jeni, na maana ya asilimia 80

Tafiti zilizofuata zimeupa ugunduzi ule uzito zaidi. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyotumia kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 2 wa Denmark, Finland, Sweden, Israel na Australia Magharibi. Ilikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika uwezekano wa kuwa na usonji inatokana na jeni.

Takwimu hii husomwa vibaya mara kwa mara. Haimaanishi kwamba watoto 80 kati ya 100 wamerithi usonji kwa baba au mama mwenye usonji. Hakuna jeni moja ya usonji. Watafiti wameorodhesha zaidi ya 100 zenye uhusiano nao. Mara nyingi mchango ni wa mabadiliko mengi madogo madogo, ambayo kila mzazi anayo kiasi bila kuonyesha dalili. Mara nyingine ni badiliko moja kubwa lililotokea kwa mara ya kwanza katika yai au mbegu ya kiume, ambalo wazazi wenyewe hawana katika miili yao. Kwa hiyo kauli inayosikika sana, kwamba kwetu hajapata kuwako mtoto wa namna hii, haiondoi sababu ya jeni. Wala haithibitishi kwamba kuna mtu aliyetupa jicho baya.

Mabadiliko hayo mapya huongezeka katika mbegu za kiume kadiri mwanamume anavyozeeka, na umri mkubwa wa baba ni miongoni mwa mambo yanayoonekana katika tafiti nyingi kuongeza kidogo uwezekano wa usonji. Umri wa mama nao umetajwa. Hata hivyo, katika jamii ambamo mwanamume wa miaka 50 huoa mke wa pili na kupata watoto, ni nadra kusikia umri wake ukihojiwa barazani.

Yanayotokea tumboni

Sehemu iliyobaki inahusu zaidi miezi ya mimba na siku za kuzaliwa. Watoto njiti, hasa waliozaliwa mapema mno, hupata usonji kwa kiwango cha juu kuliko waliotimiza miezi. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti ina ushahidi wa wazi zaidi: nchini Denmark, utafiti wa mwaka 2013 uliohusu watoto zaidi ya 655,000 ulionyesha kwamba wale ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito walikuwa na uwezekano wa asilimia 4.4 wa kupata usonji, ilhali kiwango cha jumla kilikuwa asilimia 1.5. Mwanamke anayetumia dawa hiyo hapaswi kuiacha ghafla, kwa kuwa kifafa kisichodhibitiwa huweza kumwua yeye na mtoto. Anapaswa kuonana na daktari kabla ya kushika mimba ili apangiwe dawa nyingine ikiwezekana.

Kuhusu parasetamoli, ambayo serikali ya Marekani iliihusisha na usonji mwezi Septemba 2025, utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024 ulichunguza watoto karibu milioni 2.5. Ndugu wa mama mmoja walipolinganishwa, mmoja akiwa amezaliwa katika mimba iliyotumia dawa hiyo na mwingine sivyo, tofauti haikuonekana.

Kisha kuna rubela. Ugonjwa huu ni mwepesi kwa mtu mzima, vipele na homa ya siku chache, lakini ukimpata mjamzito katika miezi ya mwanzo huweza kumwacha mtoto na mtoto wa jicho, uziwi na kasoro za moyo. Baada ya mlipuko wa mwaka 1964 nchini Marekani, daktari Stella Chess alifuatilia jijini New York watoto 243 walioathirika tumboni. Watoto 10 walikuwa na usonji kamili, na wengine 8 walikuwa na sehemu ya dalili zake, idadi iliyokuwa kubwa mno kwa wakati ule. Tanzania iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, na Kenya ikafuata mwaka 2016.

Degedege na watoto watatu wa Tanzania

Jambo ambalo halipatikani katika vitabu vingi vya Ulaya na Marekani liliandikwa Tanzania. Mwaka 2006 Raymond Mankoski na wenzake, wakiwamo madaktari wa Tanzania, walichapisha taarifa kuhusu watoto 20, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya kitafiti vya usonji. Watatu kati ya hao 14 walikuwa wamekua kama watoto wengine hadi umri wa miezi 22, 35 na 42. Kila mmoja aliugua malaria kali, yenye homa ndefu na degedege, na alipopona homa alionekana kuwa mtoto mwingine, mwenye dalili za usonji. Kwa wengine 4 malaria kali na mwanzo wa usonji vilikaribiana, ila mpangilio wake haukuwa dhahiri. Kwa 7 waliobaki malaria haikuonekana kuhusika.

Miongoni mwa waandishi wa taarifa hiyo alikuwamo Susan Folstein, yule yule aliyechunguza mapacha karibu miaka 30 kabla. Mtafiti aliyesaidia kuonyesha nguvu ya jeni alikuwa sasa akiweka jina lake kwenye hoja kwamba, mahali penye malaria, maambukizi yanaweza kuwa na mchango ambao London haiuoni. Idadi ya watoto ni ndogo mno kutoa hukumu, na waandishi wenyewe walisema hivyo hivyo kwa lugha ya tahadhari. Lakini inafahamika kwamba malaria inayofika kichwani huweza kuacha kifafa, udhaifu wa viungo na matatizo ya kusema na kujifunza.

Hapa imani juu ya chanzo huacha kuwa mjadala wa barazani na kuwa suala la saa. Degedege, ambayo jina lake hunasibishwa na dege, yaani ndege mkubwa, katika sehemu nyingi za pwani huhusishwa na shetani anayempitia mtoto. Watafiti walioandika mwaka 1996 kuhusu wilaya ya Bagamoyo waliona kuwa wazazi wengi walianzia kwa mganga wa jadi. Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kila saa inayopotea kwa mtoto mwenye malaria kali ni hatari kwa uhai wake kwanza, na kwa ubongo wake pia. Neti yenye dawa na kituo cha afya kilicho karibu ndiyo kinga pekee ambayo kisa cha watoto wale watatu kinaweza kuonyesha kidole.

Chanjo: tuhuma na gharama yake

Mwezi Februari 1998 daktari Andrew Wakefield alichapisha katika jarida la Lancet maelezo ya watoto 12, yaliyodokeza kuwa chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji. Uchunguzi wa mwandishi wa habari Brian Deer ulifichua udanganyifu katika kazi hiyo. Mwaka 2010 jarida liliifuta, na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark waliwafuatilia watoto 657,461. Waliochanjwa na wasiochanjwa hawakutofautiana katika hatari ya kupata usonji.

Kinachowachanganya wazazi ni kalenda. Chanjo hutolewa katika miezi ile ile ambayo dalili za usonji huanza kuonekana, na jambo lililofuata huonekana kuwa limesababishwa na lililotangulia.

Tuhuma hiyo iliwagharimu watu wa Afrika Mashariki walio ughaibuni. Wasomali wa Minnesota, Marekani, waliingiwa na hofu kwamba watoto wao walikuwa wakipata usonji kupita wengine, na Wakefield mwenyewe alifika kukutana na wazazi. Watoto wa Kisomali waliochanjwa walishuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi asilimia 42 mwaka 2014. Utafiti wa Minneapolis uliotolewa mwaka 2013 ulikuta usonji kwa mtoto 1 kati ya 32 wa Kisomali na 1 kati ya 36 wa Kizungu, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Mwaka 2017 surua ilizuka. Walioambukizwa walikuwa 75, wengi wao watoto wa jamii hiyo ambao hawakuchanjwa. Kwa kuikimbia chanjo, wazazi waliikimbia pia kinga dhidi ya rubela, mojawapo ya vyanzo vichache vya usonji vinavyoweza kuzuilika.

Wanachokiamini wazazi wa pwani ya Kenya

Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha matokeo ya mazungumzo na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa, Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi. Walitajiwa majini, uchawi na laana. Walitajiwa pia maradhi, matatizo wakati wa kujifungua, lishe duni na kurithi. Mara nyingi mzazi yule yule alishika maelezo yote mawili, na matibabu yakafuata njia zote mbili: maombi na waganga upande mmoja, hospitali upande wa pili. Ni wepesi kumcheka mzazi wa namna hiyo, lakini orodha yake ya pili haiko mbali sana na ya madaktari.

Kilifi hiyo hiyo sasa ni mojawapo ya vituo viwili vya utafiti uitwao NeuroDev; kingine kiko Cape Town. Watafiti hukusanya vinasaba vya watoto wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji, pamoja na vya wazazi wao, kwa sababu takriban yote yanayojulikana kuhusu jeni za usonji yametokana na watu wenye asili ya Ulaya.

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha usonji. Daktari humtazama mtoto akicheza na kumsikiliza mzazi akieleza historia yake tangu mimba, na moja ya hatua za mwanzo ni kupima masikio, maana mtoto asiyeitika huenda hasikii.