Rebmann, Johannes: mwisho wa utumishi Rabai

Johannes Rebmann (1820–1876), mmisionari Mjerumani aliyetumwa na CMS, shirika la misioni la Kianglikana la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1846 na kuondoka Rabai, kituo chake cha misioni karibu na Mombasa, mwaka 1875. Anatajwa zaidi kwa kuiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, lakini miaka yake ya mwisho inastahili heshima kubwa kuliko safari ile. Mwenzake Krapf alikuwa ameondoka tangu 1853, mkewe Emma alifariki 1866, na waumini walikuwa wachache mno. William Salter Price, aliyekuja kuanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru huko Frere Town, alimkuta Rebmann karibu kipofu.

Safari ya kurudi Ulaya aliifanya akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Alikaa Korntal, alikoishi pia Krapf, akafariki Oktoba 1876. Kamusi yake ya Kinyasa, matunda ya vikao virefu na Salimini, mtumwa aliyetoka pande za Ziwa Nyasa, ilihaririwa na Krapf na kuchapishwa 1877.