Abdilatif Abdalla: Mtangazaji na Mshairi

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Kwa waraka wake “Kenya: Twendapi?” alifungwa miaka 3, akatoka mwaka 1972. Gerezani, peke yake, alitunga kwa siri kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kama *Sauti ya Dhiki*. Huu ni ujasiri unaostahili kukumbukwa.

Baada ya kutoka gerezani alihamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufanya utafiti wa Kiswahili. Mwaka 1979 alijiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, London. Sauti ya idhaa hiyo ilisafiri kwa masafa mafupi, na redio ndogo ya betri ilitosha kuinasa hata huku kijijini kwetu Mtinko. Baadaye alifundisha Kiswahili Leipzig, Ujerumani.